Rodney na Kuku wa Clovis

Dada Odell,

Huku Alabama joto halijapungua, na mimi mzima, mdomo ndio mzima zaidi. Mwanao Rodney alikuja na bendi yake ya roki. Eti miaka ishirini ya California imewapotezea sauti, sasa wanarudi kwenye asili. Asili gani, na zile suruali za ngozi! Wakapanga maspika na vinasa sauti vyao ghalani kwetu, ukuta kwa ukuta na banda la kuku.

Mume wangu Clovis akamwambia, "Mwanangu, kuku wakishtuka wanalaliana mpaka wanakufa. Umelelewa nao, umesahau?"

"Bamdogo, nyimbo mbili tu."

Hata wa kwanza haukuisha. Kuku elfu nne, dada, wamerundikana pembeni, wamekufa. Kampuni tunayoifugia kuku imesema haituletei vifaranga tena, na Clovis kazi nyingine haijui. Anakaa tu mlangoni pa banda.

Nikampa Rodney koleo atusaidie kuwazoa. Akavua hedifoni, anacheka: "Mamdogo, makelele yao yameingia vizuri kwenye rekodi! Tunayaacha."

Basi akikupigia hiyo rekodi uisikie, ujue hao ni kuku wa Clovis.

Mdogo wako asiyenyamaza,
Verna