Kifua Kinapona, Kazi Naiacha

Jumatatu, 4 Novemba 1996

Pole kwangu mwenyewe kwa kukaa kimya hivi. Mara ya mwisho kuandika humu Simiyu alikuwa hajaota jino. Sasa ananiuma akinyonya. Kila siku nilisema kesho.

Nimekohoa, nimepandisha maji gorofa ya nne nikipumzika kila ngazi kama ajuza. Nimefua nepi. Nimelala. Daktari amenipa ruhusa ya wiki mbili, leo ndiyo naanza. Kifua kimejaa vumbi la vitambaa. Miaka mitatu kiwandani nashona mkono wa kushoto wa shati. Wa kushoto tu. Wa kulia anao Akinyi, anayekaa mbele yangu. Shati zima sijawahi kushona.

Mume wangu yuko kwenye kibarua cha mjengo Embakasi. Nyumba kimya. Ndipo namfikiria Nekesa wangu. Ana miaka minne, yuko kwa mama yangu Bungoma. Nilipopata kazi nilimpeleka huko, maana tunaingia alfajiri na kutoka giza limeingia. Simiyu humwachia jirani, Mama Mutua, lakini wawili hangewaweza. Agosti nilipokwenda nyumbani Nekesa alinisalimia vizuri, kwa heshima, akaniita anti. Nilicheka mbele ya watu. Sijawahi kuumia hivyo.

Nataka arudi. Januari aanze shule ya nasari hapa mtaani Huruma. Nataka hivyo kuliko kupona.

Jumatano, 6 Novemba

Kitanda kimenichosha. Nimetoa cherehani ya mama. Ni kichwa tu na mpini wa kuzungusha kwa mkono, alinipa macho yake yalipoanza kuchoka. Nimemkatia Mama Mutua gauni, kitambaa chake mwenyewe, kujaribu tu. Kola, kiuno, marinda. Nimeshona huku naimba. Sikukohoa mpaka saa nane.

Jioni akalivaa. Mkono mmoja ukakaa. Wa pili ukamvuta bega mbele, akabaki amesimama kama askari wa trafiki anayesimamisha lori. Nikaangalia. Nimekata mikono yote miwili ya kushoto. Vidole vimezoea, havijui kingine.

Mama Mutua akasema, "Mama Nekesa, nikipiga makofi kanisani na hili gauni nitampiga Pasta."

Tumecheka mpaka Simiyu akalia. Nimeaibika pia. Miaka mitatu, na nguo sijui.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimefumua. Nimegeuza karatasi ya kukatia upande wa pili, nikakata mkono wa kulia. Umekaa. Umekaa kabisa. Nimezunguka chumba nimelishika gauni kama mtoto mchanga.

Jumapili, 10 Novemba

Mama Mutua alivaa gauni kanisani. Baada ya ibada kwaya nzima ya akina mama wamepanda hadi hapa, wanahema, wanataka sare ya Krismasi ya mtindo ule ule. Nimewapima mmoja mmoja mlangoni. Mmoja mnene alitaka kipimo cha kiuno kisitajwe kwa sauti, nikamnong'oneza. Wengine wanauliza kama nitashona na sare za shule.

Siwezi kutulia. Nimepika ugali nikasahau mboga.

Nimelifikiria jambo. Nikishonea hapa, Nekesa anaweza kukaa hapa hapa sakafuni, ninamwona. Sitaki kuliandika bado. Nimeliandika.

Jumatatu, 11 Novemba

Kliniki. Kifua kimeanza kufunguka. Sista akauliza nafanya kazi wapi, nikamwambia. Akasema nikirudi kwenye lile vumbi nitarudi na kwake. Ilitosha.

Jumanne, 12 Novemba

Balaa. Bi. Sabina, supavaisa wetu, amekuja kuniona mgonjwa. Amebeba mkate na maziwa, wenzangu wa laini ya kushona wamechanga. Sikusikia akipanda. Amefungua mlango akanikuta kwenye cherehani, vitambaa vimejaa kitandani, uzi mdomoni.

Akakaa. Akanywa chai yote kwanza. Kisha akasema, "Kumbe ugonjwa una kazi zake."

Nikamjibu, "Kinachougua ni kifua, Bi. Sabina. Mikono ni mizima."

Hakupenda. Akasema kuna mzigo wa kwenda ng'ambo, nirudi Alhamisi. Nisiporudi atasema ofisini alichokiona, nami nitafukuzwa kama mwongo, bila hata barua ya kunisifu. Nilimwambia mtoto wangu haniiti mama. Nilidhani atanielewa. Akasema wake pia walilelewa na nyanya yao, walirudi wameota ndevu, na hawajafa. Alisema akiangalia dirishani. Mkate akauacha.

Nimerudi kushona, sindano imenichoma. Naogopa. Na bado, katikati ya woga, kuna kitu kinaruka ruka ndani. Afadhali niache mwenyewe kuliko kutupwa.

Jumatano, 13 Novemba

Nimemwambia Baba Nekesa. Amekasirika. Mjengo wake leo upo kesho haupo, na kazi yangu ndiyo inayomfanya mwenye nyumba atusalimie. Akasema Krismasi ikiisha kwaya haitavaa sare nyingine hadi Yesu arudi. Ana haki. Sikubishana na hilo. Nikamwambia Januari kila mtoto wa Huruma anataka sare ya shule, na mimi mkono wa kulia nimeshaujua.

Hakucheka. Nikamuuliza swali moja tu: "Baba Nekesa, wewe anakuitaje?"

Akachukua mtungi akaenda kuchota maji bila kutumwa. Aliporudi akapima kwa miguu nafasi kati ya kitanda na ukuta. Akasema kitanda kidogo kinaweza kuingia, atakipiga misumari mwenyewe.

Nimeandika barua ya kuacha kazi. Fupi. Kiswahili, maana ndicho ninachokijua vizuri.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimefika kiwandani asubuhi, si kwa kazi. Simiyu mgongoni. Bi. Sabina akaniona getini akafikiri nimerudi, akatabasamu. Nikampita.

Karani wa ofisi alisoma barua mara mbili. Akasema haiwezekani, mtu haachi kazi akiwa mgonjwa. Pona kwanza, rudi, ndipo uache.

Nikasema, "Nikirudi ndipo nitakapougua."

Akanitazama. Nikasimama hapo hapo. Sikulia, sikuinua sauti, sikuondoka. Watu wakajipanga nyuma yangu. Simiyu akavuta karatasi zake za mezani. Mwishowe karani akapiga muhuri. Nimerudisha aproni na kadi ya geti.

Bi. Sabina alikuwa kwenye korido. Sijui kama alishasema alichotaka kusema, haina maana tena. Akamshika Simiyu shavu. Akaniambia polepole, "Usimpeleke huyu kwa nyanya yake."

Nimetembea Jogoo Road mchana kweupe kama mtoto aliyetoroka shule. Jua. Sikumbuki lini niliona jua siku ya kazi. Nilitaka kumwambia kila muuza mahindi kwamba nimeacha kazi. Mmoja nilimwambia. Akanipa pole, nikacheka peke yangu hadi Makadara.

Jumapili, 17 Novemba

Mvua. Simiyu amelala. Baba Nekesa anapiga randa mbao za kitanda kwenye ngazi, majirani wanamruka.

Dada yangu anasafiri nyumbani Jumatano, na akirudi atakuja na Nekesa. Ninafikiria ya kumwagiza. Mguu wa cherehani na mkanda wake, utafungwa juu ya basi. Mkasi mkubwa wa mama. Vifungo vyovyote alivyobakisha. Kadi ya Nekesa ya chanjo. Blanketi analolalia, hata kama limechakaa. Mama aseme anakula nini asubuhi, na akiamka usiku ananyamazishwa vipi, maana mimi sijui. Na kamba. Apimwe kuanzia begani hadi gotini, kamba ifungwe fundo, itangulie na basi la Alhamisi, nimshonee gauni kabla hajafika.