Mahindi Niliyoyafunga Uzi Mwekundu

Nanyuki,
Mwezi wa nane.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na pole na goti. Je, limepungua kuvimba? Mwadime, ndugu yangu, wewe unayemsomea, soma polepole na usiruke mahali penye aibu yangu. Mjukuu wako Wangui hajambo, ameota meno ya mbele. Mume wangu Maina yuko salama, bado yuko pale gereji. Mimi mwili mzima, lakini roho haijatulia hata kidogo, na sababu ni mahindi yako.

Tangu nisome kwamba wadudu wa dumuzi wamesaga mahindi ya ghala lote, hata yale uliyotundika juu ya meko, sijala nikashiba. Uliandika, "Mbegu aliyoniachia mama sasa iko kwako peke yako, nitumie kabla ya mvua za vuli." Peke yangu! Ungejua neno hilo lilivyonikaa kifuani.

Nilikuwa nimeyapanda nyuma ya jikoni, mistari michache tu. Baridi ya mlima huu haina adabu. Huko Taita yangekuwa yameshakauka, hapa yalikuwa bado mabichi. Tena jirani amepanda yake ya dukani mpaka kwenye ua. Basi nikafanya ulivyonifundisha. Ya pembeni nikayaacha yawe ya kula, maana yamepata vumbi la mbelewele, yale maua ya juu ya mahindi ya jirani, na mbegu yake imechanganyika. Nikachagua makubwa ya katikati yawe ya mbegu, nikayafunga uzi mwekundu yakiwa kwenye mabua. Uzi wenyewe niliufumua kutoka sweta ya mtumba. Kila asubuhi nilikuwa nayakagua kabla hata ya kuwasha moto.

Juma lililopita akaja mama mkwe kutoka Karatina. Maina, kwa kiherehere chake, alikuwa amemtumia neno, "Njoo, Wakesho amekuwekea mahindi ya kuchoma." Mimi sikuambiwa! Nikamwachia mtoto, nikaenda kuteka maji. Kurudi, harufu hiyo! Mama mkwe ameketi kando ya jiko anageuza mahindi, na nyuzi zangu amezikunja vizuri juu ya paja.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Mimi nimeona ile mahindi iko na uzi, nikajua ndio yangu. Ati hata ulinifungia alama! Niko na watoto saba, na hakuna mmoja amewahi kuniwekea kitu hivi."

Machozi yalikuwa yakimlengalenga. Wewe ungesema nini? Akanimegea lile lililoiva vizuri zaidi, nikala. Nilikula mbegu yako, Mama, huku nikisema ni tamu.

Maina nilipomwambia alicheka. "Si nitakununulia mbegu dukani?" Nilimgeuzia mgongo, na mpaka leo hajaonja chapati yangu.

Katikati lilibaki moja tu, lililokuwa limefichwa na majani. Kesho yake mama mkwe akaliona, akasema likikauka atalipeleka Karatina apande, awaonyeshe wanawake wa kanisa. Hapo nikashindwa. Nikamwambia yote. Akakiweka chini kikombe chake cha uji.

"Kwa hivyo nimekula ya mama yako."

"Hukujua, mama."

"Lakini wewe ulijua, ukaniangalia nikitafuna."

Heri angenitukana. Tangu siku hiyo hajarudi kwake. Anashinda kishambani na fimbo akifukuza ndege, na neno lake kwangu ni moja, "Leta kiti." Hindi lenyewe amelifunika kwa kitambaa chake cha kichwa. Sijui kama amenisamehe au amenikasirikia tu kimyakimya. Mawingu nayo yameanza kushuka mlimani, na maganda bado yana ubichi. Mvua ikinyesha sasa litaota ukungu, na hapo sina lingine. Kila nikisikia ngurumo nakimbia nje kama mwendawazimu.

Nisalimie baba mdogo anayechunga mbuzi, na shangazi wa mboga pale sokoni. Mwambie kanga yake ndiyo ninayombebea Wangui. Msalimie pia mama mchungaji, na umwombe atukumbuke katika maombi, bila kumweleza habari za mahindi.

Sasa niambie ukweli, Mama. Hindi moja linatosha kuirudisha mbegu? Kama halitoshi, usinifiche kwa kunihurumia. Afadhali nijue kwamba imeishia mikononi mwangu kuliko kukaa nikidanganyika.

Wakati nafunga barua hii, mama mkwe ameingia, ameuliza naandikia nani. Nimemwambia. Amesema nikuandikie haya, na nayaandika kama alivyoyasema: "Mwambie sikuwa na njaa. Nilifurahi tu."

Binti yako,
Wakesho