Kwa Baba, Aliyesikiliza Ibada kutoka Nje

Mwaka umetimia, Baba, tangu utuage kwenye ile wodi ya wanaume, ukiwa umefunikwa shuka ulilolifua mwenyewe kabla hujaugua. Ulilitambua kwa kiraka chake. Ulimwambia muuguzi kwamba waliokupokea kazi hawajui kupiga pasi kwenye pindo, muuguzi akacheka, nasi tukacheka. Kesho yake hukuamka.

Tunazikumbuka hodi zako. Hatujamwona mtu mwingine anayebisha hodi nyumbani kwake mwenyewe. Ukitoka kazini uligonga kidogo, kisha ukarudi nyuma mpaka uani, ili aliye ndani akuone vizuri dirishani kabla ya kufungua. Wajukuu waliufanya mchezo. Wanauliza "Nani?" na huku wanakuona. Unajibu, "Ni babu," halafu unasubiri. Mlango hukuusukuma hata ulipokuwa wazi, hata ulipokuwa umebeba mzigo kichwani.

Mama amesema tusiandike nusu ya habari zako, maana wewe mwenyewe hukuzificha. Kabla hujawa dobi wa hospitali ulikuwa Tingatinga. Wenye nyumba walikukodi uwatoe wapangaji waliogoma kuhama, na mtaani walisema huyo haingii mlangoni, anaingia na mlango. Nyumbani pia mkono wako ulikuwa mwepesi. Mama anasema alijifunza kuijua hali yako kwa jinsi ulivyovua viatu. Dada yetu mkubwa anaikumbuka miaka ile. Sisi wadogo tumesimuliwa tu, na ilituwia vigumu kuamini kwamba anayesimuliwa ni yule yule aliyekuwa akitupigia pasi sare za shule.

Siku iliyokugeuza ulikuwa kazini. Kanisa dogo lilikuwa limepanga ghala, na mwenye ghala alitaka kumpa mpangaji mwingine. Alikutuma Jumapili makusudi, ili waaibike. Ulifika na vijana wako ibada ikiendelea. Mchungaji, ambaye bado yupo na mahubiri yake bado ni marefu, alikuomba usubiri amalize. Ulikubali, ulituambia, kwa sababu hukuyajua mahubiri yake. Ukakaa benchi la nyuma. Vijana wako wakasinzia, wewe ukabaki macho. Alikuwa akihubiri kwamba hakuna mtu ambaye Mungu amemchoka, na alipofika hapo akakutazama. Ukageuka nyuma uone anaambiwa nani, ukaukuta ukuta.

Ibada ilipokwisha uliwatoa, kama ulivyotumwa. Lakini mabenchi uliyabeba wewe, moja baada ya jingine, ukayapanga taratibu kwenye kiwanja cha jirani. Jumapili iliyofuata ulikwenda kwenye kiwanja hicho hicho kuabudu nao.

Mtu mmoja aliinuka akaondoka alipokuona. Alikuwa fundi cherehani. Wewe ndiye uliyewahi kumtoa kwenye chumba chake cha kushonea, na alipoing'ang'ania mashine yake ulimvunja mkono wa kulia. Vidole viwili havikukunjika tena. Alijifunza kukata kitambaa kwa mkono wa kushoto, akiwa mtu mzima mwenye watoto. Kanisa lile lilikuwa lake kabla halijawa lako.

Fundi aliwaambia wazee wa kanisa, bila kupandisha sauti, kwamba siku utakayoingia wewe yeye atatoka, na hatamlaumu mtu. Wazee wakakaa kikao. Wengine walitaka aitwe, akumbushwe kwamba Mkristo lazima asamehe. Wewe ndiye uliyekataa. Ulisema wamwache, yeye ndiye mwenyeji, nawe masikio yako yanafika mbali. Jengo la mabati lilipokamilika ukajichagulia mahali pako nje, chini ya dirisha, kando ya tangi la maji. Ulibatizwa mtoni siku ya kazi, ili fundi asilazimike kuwepo. Uliimba ukiwa huko huko nje, na kwa kuwa sauti yako haikuwa na breki, kwaya ililalamika kwamba inapotezwa njia. Sisi tulikaa ndani na Mama. Tukirudi nyumbani ulituuliza mchungaji alisemaje mwishoni, maana upepo ulikuwa umekunyima hitimisho.

Mama, kwa upande wake, anasema hakuokoka siku uliyookoka wewe. Alisubiri aone. Aliona unavua viatu kimya, mwezi baada ya mwezi. Alikuona umeketi chini mbele ya dada yetu mkubwa, ukimwambia aliyoyapata mikononi mwako hayakuwa kosa lake hata moja. Ndipo Mama naye akaanza kulala usingizi.

Kazi ilikuwa taabu kupata. Nani angemwajiri Tingatinga? Msimamizi wa chumba cha kufulia pale hospitalini alikuchukua kwa sababu mashine ya kukamua ilikuwa imekufa, naye akaitazama mikono yako. Mashine ilipotengenezwa hakukuachia. Mashuka yenye damu ulikuwa ukiyachukua wewe. Wenzako walidhani unawapunguzia kazi. Mama peke yake ulimwambia kwamba damu za watu ulizijua, ila ulikuwa hujawahi kuzifua.

Kisha akaja yule mhubiri mgeni. Alikuwa amesikia habari zako, akaona huo ni ushuhuda wa kuonyeshwa. Katikati ya ibada akakuita uingie, akamwita na fundi asimame, mshikane mikono watu wamwone Mungu. Watu wakaanza kupiga makofi. Sisi tulimtazama fundi. Alikuwa ameketi, mkono wake wa kulia ameuficha chini ya koti. Ulikuja mpaka kizingitini, ukasimama.

"Mkono wake niliuvunja mimi," ulisema. "Siwezi tena kuudai mbele za watu."

Ukageuka, ukaenda nyumbani. Makofi yaliisha vibaya, kila mmoja akiacha kwa wakati wake.

Jumapili iliyofuata hukwenda hata dirishani, wala ile iliyofuata. Tulikusihi. Ulisema umemwaibisha fundi mara ya pili, na safari hii kanisani kwake. Tuliogopa, Baba. Vijana wako wa zamani walikuwa wameanza kupita uani kukusalimia, na Mama akaanza tena kusikiliza viatu.

Aliyekurudisha ni fundi mwenyewe. Alikufuata chumba cha kufulia. Ulikuwa unakunja shuka refu, na yeye, kwa mazoea ya watu wa vitambaa, akashika upande wa pili. Mkalikunja hadi mwisho. Halafu akasema Jumapili uje, na ukae ndani. Ulimjibu kwamba hutaki kumsumbua.

"Sijasema nimesahau," fundi akasema. "Nimesema uje."

Ulipotusimulia jioni ile ulikuwa ukicheka huku unafuta macho na kanga ya Mama, na Mama akakwambia utafute leso yako.

Ulikwenda, ukakaa benchi la mwisho mpaka siku ulipougua. Hamkuwa marafiki, hatutawadanganya wanaosoma. Yeye hakukushonea nguo nawe hukumwomba. Mlisalimiana kwa kichwa. Kwaya iliomba urudi nje, kwa utani, nawe ukawaambia wazoee, maana mbinguni mtapangwa pamoja.

Tunajua wapo wanaosema mtu wa aina yako habadiliki. Sisi tumelala nyumba moja nawe. Tunaamini aliyekuita siku ile ya mabenchi amekupokea.

Juzi, tukiwa tunaandaa tangazo hili, fundi alikuja. Alikataa kiti. Alisema amesikia tunawaandika wanaokukumbuka, naye angependa awemo. Dada yetu mkubwa akamuuliza tumwandike nani, jirani, ndugu katika imani, au rafiki wa marehemu.

"Rafiki hapana," akasema. "Andikeni fundi. Atajua."

Unakumbukwa na mkeo, ambaye siku hizi haulizi ni nani anayekuja, na binti yako mkubwa na mumewe, na sisi wadogo zake wote, na wajukuu zako, wanaobisha hodi kila mahali mpaka majirani wamechoka, na shemeji zako, na wenzako wa chumba cha kufulia, na mchungaji, na fundi.

Siku zote tulizojaliwa, Baba, hutatoka mioyoni mwetu.