Kelele za Zizini

Wisconsin, Februari

Mwanangu Annika,

Sisi wazima, theluji nayo haijachoka. King'amuzi tumekirudisha, maana mechi za kikapu za chuo kidogo kama chenu hakikuonyesha hata siku moja. Sasa nakutazama kwa intaneti, kwenye kompyuta ya jikoni.

Baba yako bado ni yuleyule: "Aliyeacha ng'ombe kwa ajili ya mpira, habari zake sizitaki." Jumamosi alikwenda kukamua saa nzima kabla ya wakati. Dakika ya mwisho ya mechi yako, kwenye skrini yangu ulikuwa bado unadunda mpira, nikasikia kelele zizini: "Huyo wangu, huyo!" Ndipo ukarusha, ukafunga.

Kumbe simu yake hupata picha mapema kuliko kompyuta yangu. Sijamwambia kitu. Siku hizi nikitaka kujua kama utafunga, nafungua dirisha.

Mama yako,
Solveig