Jina la Mjomba Kibwana

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sie huku Temeke wazima. Baba yako Kibwana naye yupo, maringo yaleyale.

Unasema mtoto akishanyonya analia, na mama mkwe wako anataka abadilishwe jina. Subiri kwanza!

Enzi za Mwingereza, baba yako alipokuwa mchanga, akishiba tu analia. Mama mkwe wangu akasema anadai jina la marehemu. Tukamwita Salumu, akalia. Tukamwita Pazi, akazidi.

“Basi ni mjomba wangu Kibwana,” akasema.

Papo hapo babu yako, kavaa kanzu ya Ijumaa imepigwa pasi, akamchukua akamweka begani ili mie nipumue. Mtoto akacheua kwa kishindo, maziwa yakachuruzika kwenye kanzu mgongoni, kisha akalala fofofo.

“Mnaona? Kibwana huyo!” akasema mama mkwe. Vigelegele vikapigwa.

Kwa hiyo mwanao akinyonya, mweke begani, umpigepige mgongo taratibu mpaka acheue. Jina liache.

Na baba yako usimwambie. Anadhani huyo mjomba alikuwa shujaa, kumbe alisifika kwa kula pilau kwenye harusi asizoalikwa, na kucheua.

Bibi yako