Mstari wa Katani Juu ya Baba

Baba,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo nikangoja kidogo, kama mjinga, marahaba yako ije. Haya, niendelee.

Nina habari mbaya na sitaki uipate kwa mwingine. Makaburi ya kambini yamelimwa, na lako limo. Mashamba ya juu yamechoka, meneja mpya akataka katani ishuke mpaka mtoni, na sisi wafu wetu tulikuwa tumewalaza katikati ya njia yake. Minyaa tuliyoipanda kukuzunguka iling'olewa asubuhi moja wakati mimi niko upande wa pili nakata majani. Niliporudi nilimkuta mama amekaa chini pale pale, kanga imejaa udongo.

Mtani wako Mzee Chalo ndiye anayeshika kamba ya kupandia siku hizi, ile ya kunyooshea mistari ya katani. Ndiyo, Chalo yule yule. Unajua alivyotutesa siku ya mazishi yako? Kaburi walilichimba yeye na Wasagara wenzake, kama ada ya watani inavyotaka. Lilipokuwa tayari akajilaza ndani, akasema hatoki mpaka apewe koti lako la vita. Watu wanalia, yeye yumo shimoni amekunja mikono. "Mnyamwezi! Maisha yako yote unajisifia kubeba mizigo ya watu. Leo umebebwa wewe!" Mama akacheka, baba. Alicheka mpaka kilio kilichokuwa kimemkwama tangu usiku kikatoka chote. Tukampa koti. Akalivaa juani, akazunguka kaburi kijeshi huku akiuburuta mguu kama ulivyouburuta wewe, na mimi nikataka kumpiga na kumkumbatia papo hapo.

Basi kamba ilipofika kwako Chalo, anayepajua hata baada ya kulimwa, aliipindisha. Aliipitisha kando ya kaburi, akachomeka vijiti vyake, akaendelea mbele kama hakuna lililotokea. Nyapara akamfokea. Chalo akasema macho yamezeeka. Mwongo mkubwa, macho yale yanamwona kwale kwenye majani makavu! Wakamburuta kwa meneja.

Mama akawafuata, nami nikamfuata mama. Alisimama chini ya ngazi za baraza ya meneja Mzungu, nyapara akimtafsiria, akasema, "Mume wangu alivuka bahari kupigana vita vyenu. Alirudi kutoka Burma na mguu mbovu. Mwacheni alale." Sikujua kama mama anaweza kusema vile mbele ya Mzungu.

Meneja aliinuka kitini. Kumbe naye alikuwa askari katika vita hivyo hivyo. Akachukua kofia, akaja mwenyewe mpaka kaburini kwa miguu, akasimama wima, akapiga saluti. Ilikuwa saluti ya kweli, baba, si ya mzaha, na aliishikilia muda mrefu. Mama akanibana mkono. Tulijua tumepona. Kisha akashusha mkono, akamgeukia nyapara na kumwambia mstari unyooshwe.

Mpaka leo sijui nimchukie vipi mtu yule.

Mjomba alipopata habari alishuka kutoka Zombo na vijana wa ukoo, na majembe. Alitaka tukufukue tukupeleke kwao, ulale nyuma ya nyumba yake ambako hakuna wa kukupandia katani. Dada Mwajuma alikuja kutoka Mikumi, akakubali. Mimi nilikubali kabla yao wote. Mama peke yake akakataa. Alitukumbusha ulivyosema wakati ule unaumwa: "Nimesafirishwa vitani, nimesafirishwa kuja katani. Nimechoka. Nikifa msinibebe tena." Akasema, "Basi hamumbebi." Mjomba akasusa, hata chai hakunywa. Mimi pia nilimkasirikia mama, siku nyingi tu. Sasa naona yeye alikusikia kuliko sisi.

Unanijia wakati wa ajabu. Juzi nilimwona Mwajuma anamsuka binti yake, mara nikakuona wewe kwenye kigoda siku zile mama yuko kwenye singa, anaanika nyuzi za katani, kichwa cha Mwajuma katikati ya magoti yako, unamsuka. Koplo mzima! Wanaume wa kambini wakipita wanakucheka, nawe unawajibu kwamba mtu aliyefunga mizigo juu ya nyumbu wa jeshi porini kwenye matope hawezi kushindwa na nywele. Mwajuma akilia unalegeza, unaanza upya. Ulisuka vibaya, lakini nywele hazikufumuka wiki nzima.

Hayo ya nyumbu tu ndiyo uliyotuambia ya vita. Mvua kubwa ikipiga bati ulikuwa unatoka nje, unasimama mvuani, na mama anatoka anakushika mkono. Sasa mvua ikinyesha anatoka peke yake, na sisi hatujui kama tumfuate au tumwache.

Siku ya kupanda, Chalo hakumruhusu mtu mwingine aguse mstari wako. Alikuja amevaa koti lako, kwenye joto lile, akapiga magoti akachimba kwa mikono. Nilingoja akutanie. Nilihitaji akutanie, baba. Mtani halii msibani, hata watoto wanajua hilo, lakini Chalo alilia mbele ya nyapara na kamasi zikamtoka, na hakuna aliyemcheka.

Mche wako bado mdogo, haufiki hata goti. Utakua, udongo wa mtoni ni mzuri. Majani yatakomaa, na mtu atatumwa na kisu. Nimemwomba nyapara mstari ule, siku ya kuukata ikifika, nipewe mimi. Alinishangaa, akasema hiyo ni miaka. Nikamwambia najua.

Siwezi kukuahidi kwamba hautakatwa. Nikisema hivyo nitakuwa nakudanganya, nawe hukupenda uongo hata wa kubembelezea mtoto. Ninachokuahidi ni kwamba mgeni hatakanyaga hapo na kisu chake. Nitakuja mimi. Nitakwambia kwanza kwamba ni mimi, halafu nitakata.

Kwaheri, baba yangu.

Mwanao,
Hamisi