Kidude cha Chumbani

Kangundo, 8 Machi 2009

Mutindi mwanangu,

Huku mbuzi wako amezaa mapacha. Nami nimeweka kidude cha pili cha waifai chumbani, maana kile cha sebuleni hakifiki huko. Siku tatu kompyuta ilikataa kushika mtandao. Nilizima, nikawasha, wapi. Mwishowe nikafuata waya chini ya kitanda hadi kwenye sanduku la bati la mama yako. Alikuwa amekifungia humo, ndani ya sweta yako ya shule, eti wezi wasikione. Nimekitoa, sasa kinashika vizuri.

Ukipiga simu ya video Jumapili utaona ukuta wa kijani nyuma ya mama yako. Atakuambia tumepaka sebule rangi. Mkubalie, halafu uje nyumbani. Huo ni ukuta wa chumbani; hajaweza kutembea hadi sebuleni tangu Krismasi.

Akupendaye,
Baba